Nampeleka mama India kwa matibabu, na laptopu yaenda nami. Nijipange vipi na mtandao?

BintiMkomani (Lamu)

Asalaam aleikum jamaa. Mama ameandikiwa kwenda Chennai kwa matibabu ya moyo na mimi ndiye ninayemsindikiza. Mambo ya hospitali na viza yako sawa, hayo simuulizi mtu. Ninaloulizia ni kazi.

Mimi hapa Amu nashughulikia maombi ya wageni wa nyumba kadhaa, nyingine Shela, nyingine mjini. Kila kitu kimo kwenye laptopu: kalenda ya vyumba, ankara, mazungumzo na wageni, kumbukumbu za malipo. Msimu wa kaskazi ndio huu waingia na wenye nyumba hawana mtu mwingine wa kumpa. Kwa hiyo mama akilala, mimi nafanya kazi.

Sijawahi kutoka nje ya Kenya. Chaja itaingia kwenye soketi zao? Nitegemee waifai ya hospitali au ninunue laini kule? Hii laini yangu ya hapa niizime, nimwachie dada, au niende nayo? Tunapitia Dubai na tutakaa uwanjani saa nyingi, huko nako vipi? Mwenye kujua asinifiche.

Kaka_wa_Gati

Laptopu ya nini dada, simu yatosha. Mgonjwa, mikoba, bahasha za picha za hospitali, halafu na laptopu begani?

BintiMkomani

Kaka, ankara ya nyumba nzima, wageni wanane, huyu hali samaki, yule anataka mashua alfajiri, uiandike kwa kidole gumba? Jaribu kisha urudi hapa.

Kaka_wa_Gati

Haya, nimeondoka 😂

Fundi_Langoni

Waaleikum salaam. La chaja niachieni mimi.

Igeuze chaja yako, lile tofali la katikati ya waya, usome maandishi madogo ya mgongoni. Tafuta palipoandikwa INPUT. Karibu chaja zote za laptopu zimeandikwa 100-240V, 50-60Hz. Ukiliona hilo, tulia. Umeme wetu ni 240V, wa India 230V, wa Marekani 120V, na wote umo ndani ya kiwango hicho. Asikuuzie mtu transfoma. Vitu vya kuogopa ni vile vya moto, pasi na mashine ya kukaushia nywele, ambavyo mara nyingi vimetengenezwa kwa umeme wa aina moja tu.

Kinachobaki ni umbo la plagi. Sisi tuna meno matatu bapa tuliyoachiwa na Mwingereza. India ni matatu ya duara, la juu nene kuliko wenzake. Yetu haiingii hata uibembeleze. Wengi hununua adapta za mchemraba. Zinafanya kazi, ila chaja ya laptopu ina uzito, na ukiichomeka kwenye adapta iliyolegea inaning'inia pale ukutani, inagusa na kuachia, inagusa na kuachia. Alfajiri unakuta betri iko pale pale ulipoiacha na adapta ina joto.

Kwa hiyo itazame chaja tena. Ule waya unaotoka kwenye tofali kwenda ukutani, jaribu kuuvuta: kwa chaja nyingi unachomoka, na ndani yake utaona matundu matatu yaliyokaa pembetatu. Ukifika, ingia duka lolote la vifaa vya kompyuta, waonyeshe, wakupe waya kama huo wenye plagi ya kwao. Ni kitu cha bei ndogo na kinakaa imara. Adapta beba moja tu, ya usiku wa kwanza.

Chaja ya simu yenye vijino viwili vyembamba vya duara, ile ambayo hapa watu huichomeka kwa kusukumiza kalamu kwenye tundu la juu, kule inaingia bila kalamu. (Na mchezo huo wa kalamu acheni, nimeshaona vidole vilivyoungua.)

Pawabenki haiingii kwenye sanduku la chini hata iweje. Ni ya mkononi, kwa sababu ikishika moto kule tumboni mwa ndege hakuna wa kuiona. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Wauzaji huandika mAh, basi zidisha kwa 3.7 kisha ugawanye kwa 1,000. Ya 20,000 inakuwa 74, inapita. Ya 30,000 inakuwa 111, hapo waombe ruhusa shirika la ndege. Iliyofutika maandishi iache nyumbani, maana afisa akikosa cha kusoma ataichukua. Emirates nao tangu Oktoba 2025 abiria anaruhusiwa moja tu, chini ya wati-saa 100, na haruhusiwi kuitumia ndani ya ndege.

Mwisho, Chennai ni mbali lakini jeti ya Manda, ya kwenda uwanja wetu wa ndege, ni karibu. Laptopu ninazoletewa hapa zimekufa, nyingi zimeuawa na chumvi, na huwa ni safari ya boti ya dakika chache tu. Tafuta mfuko ule wa mpira unaokunjwa mdomo, wanaobeba wageni wa mashua. Mkoba wa kawaida haukuhifadhi na wimbi la ubavuni.

Mzee_wa_Mkunguni

Fundi, hayo ya kuzidisha na kugawanya umenipoteza, lakini la chumvi ni kweli tupu.

UmmuAiman_Malindi

Dada BintiMkomani, Mungu ampe mama shifaa. Nimewahi kukaa India na ndugu yangu mgonjwa, kwa hiyo nakueleza niliyoyaona.

Intaneti ya India isikunyime usingizi. Tangu kampuni ya simu ya Jio iingie sokoni mwaka 2016 bei ya data ilianguka, na kwa tuliyozoea huku utashangaa. Kitakachokutoa jasho ni kuthibitisha kwamba wewe ni wewe. Narudia hili maana watu hupanga begi, wakapanga chaja, wakasahau tarakimu sita.

Fikiria. Ukifungua barua pepe kutoka nchi ngeni, wanakutilia shaka, wanatuma tarakimu sita kwenye simu. Benki ndiyo hivyo hivyo. Ile mitandao ya kuwekea wageni nafasi, hivyo hivyo. M-PESA nayo imefungwa kwenye laini. Na zote zinatumwa wapi? Kwenye namba yako ya Kenya. Unaweza kuwa umekaa hospitalini na intaneti ya kasi kuliko ya Amu nzima, laptopu imewaka, na usiweze kufungua hata kalenda yako ya vyumba.

Kwa hiyo laini ya Kenya usiizime, na usimwachie dada. Wengi humwachia mtu nyumbani wakidhani atawasomea. Tarakimu zile huisha muda baada ya dakika chache, naye dada yuko sokoni, au simu haina chaji, au kule kwenu ni saa nane za usiku maana India wametutangulia saa mbili na nusu. Halafu unamwachia mtu laini yenye pesa zako.

Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi kabla hujapanda ndege. Fanya ungali hapa, kwa sababu ukishafika kule laini imenyamaza, utawapigia kwa kutumia nini? Ikishawashwa, ingia kwenye mipangilio ya simu uzime data ya laini hiyo peke yake, laini yenyewe ibaki hewani. Kupokea ujumbe mfupi kwa kawaida hakutozwi, ila kupokea simu kunatozwa, na bei yake si ya mchezo. Waambie jamaa wote wakupigie WhatsApp.

Data yako itoke kwenye laini ya India. Kuipata kunataka pasipoti, viza na picha ndogo, na haiwaki papo hapo. Inaweza kuchukua saa kadhaa hata zaidi. Nunua kwenye kaunta ya uwanja wa ndege au duka rasmi la kampuni, usinunue kwa kijana wa barabarani anayesema amekwisha kukusajilia. Laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine ikifungwa huna pa kulalamika. Hospitali kubwa za Chennai zina ofisi ya wagonjwa wa kigeni, nao wamezoea. Waulize wao kwanza.

BintiMkomani

Shukran sana Ummu Aiman, hili la tarakimu sita halikunipitia akilini kabisa. Simu yangu yaingia laini mbili. Nikiweka ya India, WhatsApp si itahamia huko? Wageni wangu wote wananijua kwa namba ya hapa.

UmmuAiman_Malindi

Haihami yenyewe. Namba uliyojisajilia ndiyo inayobaki, hata data ikitoka laini nyingine. Simu ikikuuliza kama unataka kubadilisha namba, kataa. Na kwenye laptopu WhatsApp itaendelea hata simu ikizimika, ila ukipitisha siku 14 bila kuifungua kwenye simu yenyewe, laptopu inatolewa.

Msafiri_Guangzhou (Mombasa, kwetu ni Faza)

Kuna njia ya eSIM pia, laini isiyo na kadi ya kuchomeka, kama simu yako ni mpya kidogo. Unanunua ukiwa nyumbani, unaskani picha ya mraba, ukishuka uwanjani data iko. Ghali kidogo kuliko laini ya pale lakini usiku wa kwanza na mgonjwa mkononi yafaa. Ya India weka baadaye.

Mimi njia yangu ni China na huko ni dunia nyingine. Google hakuna, WhatsApp hakuna, YouTube hakuna, kwa waifai ya hoteli na laini ya kule vilevile. Ila ukiingia na laini ya nje, ya Kenya au eSIM uliyonunua huku, vyote vinafunguka, kwa sababu data inarudishwa kwanza kwa kampuni ya nje ndipo inatoka kwenda duniani. Wafanyabiashara wengi wanaishi hivyo. VPN, ile programu ya kupitisha mtandao wako kupitia nchi nyingine, ukiitaka iwekwe kabla hujafika, ukifika hata tovuti ya kuipakua huioni.

Fundi_Langoni

India haihitaji hayo yote Msafiri, utamtisha mtoto wa watu.

Msafiri_Guangzhou

Simtishi. Anapitia Dubai, na Dubai kuna lake. Waifai ya uwanja ni ya bure na nzuri, ujumbe wa WhatsApp unakwenda, picha zinakwenda. Kupiga simu kwa WhatsApp ndiko kumezuiwa. Watu wa nyumbani wasipokusikia wasije wakadhani mama kazidiwa. Waandikie. Na usihangaike kuweka VPN kwa ajili ya simu moja. Sheria yao ya uhalifu wa mtandao ya mwaka 2021 inataja faini kuanzia dirham 500,000 kwa anayeitumia kufanya au kuficha kosa. Saa chache uwanjani hazina thamani hiyo.

MdogoWakeBinti

Na TikTok je? Namuulizia mtu 👀

UmmuAiman_Malindi

India waliifunga Juni 2020. Huyo mtu abaki Lamu 😂

Mwalimu_Shela

Nyongeza kwa la tarakimu sita, kwa kuwa hata laini ikiwa hewani kuna siku ujumbe hauji. Nimeona watu wamekaa wakibofya "tuma tena" mpaka akaunti ikafungwa.

Akaunti ya Google inakuwezesha kutoa misimbo kumi ya akiba, kila mmoja hutumika mara moja. Ichapishe karatasini ungali nyumbani. Karatasi hiyo isikae kwenye mkoba wa laptopu. Iweke na vyeti vya mama. Mkoba ukipotea usipoteze na ufunguo.

Njia nyingine ni zile programu za simu zinazotoa tarakimu mpya kila sekunde 30. Hizi hazihitaji laini wala intaneti, zinahesabu kwa saa ya simu. Na hapa pana mtego ambao nusu saa ya India inauleta. Mtu akifika anaona saa ya simu haijabadilika, anaingia kwenye mipangilio na kuisogeza mbele kwa mkono, saa mbili na nusu. Kwa macho iko sawa. Ndani, simu sasa inaamini kwamba dunia nzima imesonga saa mbili na nusu, tarakimu zinazotoka ni za wakati ambao haujafika, na kila tovuti inazikataa. Usiiguse. Acha saa ijipange yenyewe kwa mtandao, au badilisha eneo la saa liwe la India. Laptopu nayo, ukiibadilisha eneo liwe la India, kalenda yako ya wageni itaandika boti ya saa moja kuwa ya saa tatu unusu. Mimi kwa kazi kama yako ningeiacha laptopu kwenye saa za Nairobi safari nzima.

BintiMkomani

Mwalimu, hili la saa limenikaa. Laptopu itabaki saa za nyumbani.

Fundi_Langoni

Mwalimu kasema kweli. Nami naongeza la waifai, maana utaambiwa "ipo" kila mahali.

India waifai nyingi za umma zitakuuliza namba ya simu na kukutumia, naam, tarakimu tena. Namba ya Kenya wakati mwingine inakubaliwa, wakati mwingine kisanduku hakina hata nafasi ya 254. Ya hospitali au nyumba ya kulala wageni waombe mapokezi, mara nyingi wana nenosiri lao.

Kuna na ile hali ambayo laptopu inasema imeunganishwa lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Mara nyingi mtandao unasubiri ukubali masharti, ila ukurasa wa kukubali umekataa kujitokeza. Zima VPN kama unayo, kisha andika neverssl.com. Tovuti hiyo imewekwa makusudi bila ule usimbaji wa kisasa unaoficha data isisomwe njiani, basi mtandao unaweza kukuingilia na kukuonyesha ukurasa wake wa kuingia. Wakikuruhusu kifaa kimoja tu, ingiza laptopu, halafu laptopu yenyewe iigawie simu. Windows ina sehemu hiyo.

UmmuAiman_Malindi

Pale tulipolala sisi waifai ilikuwa kwenye bei ya chumba, na ilishika kwenye ngazi tu. Usiku tulikaa ngazini kama watoto waliofukuzwa chuoni, Wakenya, Wabangladeshi na Mwomani mmoja. Kwa hiyo hata ukiahidiwa, laini nunua, na laptopu uiunganishe kwa hotspoti ya simu.

Ila jua kwamba vifurushi vyao vingi vinahesabiwa kwa siku. Unapewa GB 1.5 au 2 kila siku, zikiisha kasi inashuka hadi siku ya pili.

Fundi_Langoni

Na hapo ndipo Windows itakapokumaliza. Haijui kwamba uko ugenini. Ikiona waifai inavuta masasisho yote, na mtandao wa simu kwake ni waifai tu. Ukishaunganisha, ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo uuwekee alama kwamba unapimwa (metered), yaani data yake ina kikomo. Hapo masasisho makubwa yanangoja. Simamisha pia ile programu inayopandisha picha na faili zako kwenye hifadhi ya mtandaoni, na picha za vyumba vya wageni zipunguze ukubwa kabla hujazituma. Masasisho yote fanya wiki hii, ungali nyumbani.

Kaka_wa_Gati

Nimerudi. Sasa hizi waifai za watu, si wataona mazungumzo yake yote na benki yake?

Mwalimu_Shela

Zamani ndiyo. Siku hizi tovuti za maana na WhatsApp husimbwa, anayechungulia anajua umekwenda benki gani lakini hajui umefanya nini. Hatari kubwa iko kwingine. Kompyuta za saiba, kwanza. Hospitali India watakutaka uchapishe karatasi kila mara, nawe utaingia kwenye duka lenye kibao cha XEROX, ufungue barua pepe yako kwenye kompyuta yao, mama akuite, utoke mbio na akaunti iko wazi. Wape faili kwa USB isiyo na kitu kingine, au itume kwenye anwani ya duka. La pili ni laptopu yenyewe kuachwa kitini pale unapokwenda dirisha la dawa. Iwe na nenosiri na ijifunge haraka.

Bi_Asmini_Milano (kwetu Malindi, Maweni)

Mimi niko Italia, nawasoma tu nikicheka. Kwa wanaokuja huku: plagi zetu ni duara tatu zilizopangwa mstari mmoja, na nyingine mbili tu, chaja za meno mawili membamba zinaingia. Kununua laini wanataka pasipoti na ile namba ya kodi ya Kiitalia, maduka mengine watakutolea palepale. Laini ya huku inatumika Umoja wa Ulaya wote kwa kifurushi kile kile tangu Juni 2017. Uswisi haimo! Treni ikivuka mpaka tu, data inaanza kulia. Watu wanaokwenda Lugano kutembea wanakumbuka.

Mzee_wa_Mkunguni

Mwanangu, mimi na mitandao ni mbalimbali lakini nimewahi kwenda India. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, chako na cha mama, kile kitabu cha manjano. Bila hicho wanaweza kukuweka karantini, na laptopu yako itakuwa imekusindikiza huko.

BintiMkomani

Mzee wangu, cha mama kipo, changu nachomwa Jumatatu. Mungu akuweke.

Jamaa, nimepiga simu leo, laini imefunguliwa ya nje, misimbo nimeichapisha. Dada alikuwa ameshaanza kufurahi kuachiwa laini, imebidi nimweleze. Fundi, naja kesho na chaja tuujaribu ule waya, wangu umekataa kuchomoka.

Fundi_Langoni

Usiuvute kwa nguvu. Kuna chaja chache waya umeshikamana na tofali, hizo ndizo zinahitaji adapta nzuri. Njoo baada ya Adhuhuri.

Salum_Mpeketoni

Samahani kuingilia uzi. Mimi naenda Muscat kwa shangazi, nahitaji adapta gani?

Fundi_Langoni

Oman ni meno matatu bapa kama yetu. Chukua chaja yako uende.